Mimi ni Mtu wa Keria

Kama kuna mtu hapa ambaye ile video haijamfikia, basi aseme nifunge mdomo wangu sasa hivi tuongee mambo mengine, lakini najua imewafikia wote, imefika mpaka Shinyanga, imefika Dubai kwa binamu yangu ambaye hatujaongea miaka kumi na akaniandikia neno moja tu, "Pole", kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe tangu mwanzo ili mnicheke vizuri, mkijua mnachokicheka. Ndiyo, yule mwanamke mwenye sketi ya kitenge na helmeti iliyovaliwa nyuma mbele ni mimi. Ndiyo, lile ni tope. Na hapana, yule bata bukini hakufa, niliulizia.

Mimi nakaa Bowie, huku ughaibuni, nina miaka hamsini na mbili, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na nina mtoto mmoja tu, Happiness, ambaye sote tunamwita Hepi, aliyekuja huku ana miaka minne, na baba yake alipofariki tukabaki wawili. Hepi anasikia Kiswahili chote, hata umbea ninaouongea kwenye simu kwa sauti ya chini anausikia, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Na kosa ni langu. Alipokuwa na miaka tisa tulikuwa na wageni sebuleni, akapita na taulo begani, akatangaza kwa adabu zote, "Mama, naenda kuoa." Alitaka kusema kuoga. Sebule nzima ikalipuka, watu wakamwita bwana harusi mpaka wakati wa kula, wakawa wanamuuliza bibi harusi kamwacha wapi, na mimi mama yake (Mungu anisamehe) nilicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo mtoto akafunga Kiswahili chake, basi.

Sasa mwaka jana akapata kazi Seattle, yaani ng'ambo ya pili kabisa ya nchi hii, aanze mwezi wa tisa. Nilimpa hongera, nikapiga na vigelegele, halafu nikaenda bafuni nikafungulia bomba nikalia. Jumapili moja baada ya ibada niko jikoni nasukuma chapati, akaja na kompyuta yake akaiweka pembeni ya unga, akanionyesha picha. Ilikuwa Italia, kule karibu na mpaka wa Ufaransa, milima imeshuka mpaka inaingia baharini, na kati ya mlima na maji pana kanjia kembamba. Akanieleza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba zamani hapo ilipita reli, treni ikahamishiwa ndani zaidi ya mlima, mataruma yakang'olewa, ikamwagwa lami, na sasa ni ya baiskeli na waenda kwa miguu tu, gari haliingii, unatoka kijiji hiki unafika kile kwa kupita kwenye mahandaki yaleyale ya treni. Alitaka twende wiki moja mwezi wa nane, mimi na yeye, kabla hajahama. Halafu akavuta pumzi, nikaona midomo inapanga maneno, akasema polepole, "Mama, unapanda baiskeli?"

Jamani! Kiswahili! Sentensi nzima, baada ya miaka kumi na saba! Chapati iliungua pale pale na sikujali.

"Napanda!" nikamwambia. "Mbona nimepanda sana! Nimepanda tangu nina miaka sita!"

Na wala sikudanganya. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila asubuhi nilipanda baiskeli yake kwenda shule, nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja, madaftari kifuani, mpaka namaliza darasa la saba. Nikiwa msichana mkubwa, baba yake Hepi alinichumbia nikiwa kwenye keria ya kwake. Mimi nimepanda baiskeli kuliko watu wengi mnaowajua. Ila pedali sijawahi kuikanyaga hata siku moja, na usukani nilikuwa nausikia tu uko huko mbele, upande wa pili wa mgongo wa mtu.

Hepi akaruka, akanikumbatia na unga wangu wote, akaniuliza kama maili ishirini kwa siku zitanishinda. Hapo ndipo nilipoelewa tumepishana wapi. Na hapo hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia, "Mwanangu, kupanda kuna kwa mbele na kuna kwa nyuma, mimi ni wa nyuma." Maneno machache tu. Lakini nikamwangalia usoni, nikaona jinsi alivyojivunia ile sentensi yake, nikajiambia nikimsahihisha leo ndiyo imetoka hiyo, sitasikia Kiswahili cha mtoto huyu mpaka nizikwe. Nikasema, "Ishirini? Tutaona."

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalijiendesha.

Kufika Jumatano, Wambui alikuwa ameshajua. Wambui ni nesi, Mkenya, tunafanya kazi pamoja na tunasali pamoja, na ukimwambia jambo ni sawa na umelibandika ukutani. "Ai, Mama Hepi! Na venye umekuwa umenyamaza, kumbe wewe ni mwanaspoti!" Jumapili kwenye matangazo akasimama akawaeleza waumini wote kwamba mmoja wetu anaenda kuzunguka milima ya Ulaya kwa baiskeli na binti yake, mchungaji akaniomba nisimame, nikasimama (ningefanyaje?), wakanipigia makofi. Kufika jioni akina mama walikuwa wameshafungua kundi kwenye simu, wameshaliita Mama na Magurudumu, na mimi ndiye Kapteni. Wakapanga kutuaga rasmi kwa safari ya mazoezi, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Bladensburg, kwenye ile njia inayofuata mto. Kapteni atatangulia, wengine wafuate.

Nikasema si neno, nitajifunza, watoto wadogo wanajifunza. Nikaenda kwa Papa Dieudonné, Mkongo mmoja anayetengeneza baiskeli kwenye gereji ya nyumba yake (kwao baiskeli ni kinga, siku ya kwanza aliponiambia "nitakupa kinga" nikadhani ananipa dawa), akaniazima moja ya bluu yenye keria nzuri nyuma, ila hakuniuliza kama najua, kwa sababu nani anamuuliza Kapteni? Kila nikitoka kazini saa tisa alasiri nilikuwa naipeleka nyuma ya jengo, kwenye maegesho, najifunza mwenyewe, na wazee wangu wamejipanga dirishani wananitazama. Nilikuwa nakanyaga mara tatu, ya nne niko chini. Kuna babu mmoja, hata jina lake mwenyewe huwa linampotea, lakini kila siku saa tisa alikuwa anaomba asogezwe dirishani. Wambui akaiona miguu yangu, nikamwambia nimejigonga mlangoni. Akainama, akaangalia alama ya mnyororo kwenye muundi, nyeusi, na grisi yake. "Mlango gani huu uko na meno?"

Alhamisi kabla ya siku yenyewe nikajaribu kutoroka. Nikamwambia Hepi goti linanisumbua. Akanijibu kwa upole, nisijali, jina kwenye tiketi bado linabadilishika, rafiki yake mmoja wa chuo yuko tayari kuchukua nafasi yangu. Aliongea kama mtu asiyejali, lakini alifunga kompyuta taratibu mno, akaenda chumbani. Nikabaki pale jikoni naiona ile wiki moja, wiki ya mwisho ya kuwa na mtoto wangu kabla hajawa mtu wa kumwona kwenye simu, inaondoka na mtu mwingine. Nikamfuata mpaka mlangoni. "Goti limepona," nikasema.

Jumamosi saa nne asubuhi Bladensburg palikuwa pamejaa. Walikuja watu kama thelathini, wengine na baiskeli, wengine na masufuria ya pilau tu. Papa Dieudonné akashusha ile ya bluu kwenye pikapu yake akaifuta. Hepi alikuwa amevaa kofia na glavu, ananiangalia anacheka meno yote nje. Wambui, simu juu, alikuwa amempigia dada yangu mkubwa Kabula kule Shinyanga kwa video, eti familia nayo ishuhudie, na mtu mwingine anarekodi. Nikavaa helmeti. Kuna aliyetaka kuniambia kitu kuhusu hiyo helmeti lakini wakamwambia amwache Kapteni.

Papa Dieudonné akashika usukani, akanyoosha mkono. "Bon, Mama Kapteni, kuya upande!"

Sasa hapa nataka mnielewe. Kichwa changu kilikuwa kimesimama kabisa, hakuna kilichokuwa kinafanya kazi huko juu, ila mwili ukasikia neno "upande" na mwili unalijua hilo neno. Mwili ukazunguka nyuma, ukakusanya sketi, ukashika kiti kwa mkono mmoja, ukaruka, ukakaa kwenye keria, miguu upande mmoja, ukanyoosha mgongo, ukasubiri kupelekwa.

Nilisikia mpaka sufuria likifunikwa.

Halafu wakaangua kicheko, wakadhani nawafanyia vituko, Wambui anapiga kelele, "Aki mathe ni mnoma!", kwao ndiyo mama kiboko, na Hepi anacheka kuliko wote. Na mnaona pale? Mlango ulikuwa wazi. Ningesema pale pale kwamba hivi ndivyo ninavyojua kupanda, tungecheka, tungekula pilau, tungerudi nyumbani. Badala yake nikasema, "Nilikuwa nawatania," nikashuka, nikapanda kwa mbele. Ujinga wangu haujawahi kuwa na kikomo.

Papa Dieudonné akaachia.

Pale Bladensburg njia ina kamteremko kanakoelekea mahali wanaposhushia boti, ukikaangalia kwa miguu huwezi kukaona, lakini kapo, mimi nakwambia. Nikakanyaga mara tatu, watu wakashangilia, ya nne nikashangaa siko chini, ya tano baiskeli ikawa haihitaji tena mchango wangu. Nikapita wavuvi wawili, nikapita katikati ya mabata bukini yanayokula majani, moja likanifukuza (tena kwa chuki), nyuma nasikia Papa Dieudonné anakimbia anapiga kelele, "Fre! Mama, fre!" Baadaye nilifahamishwa kwamba hicho ni Kifaransa, ndiyo breki. Mimi nilisikia Kiingereza, nikadhani ananiambia niwe "free", nijiachie. Nikajiachia. Nikatoa na mikono.

Maji ya mto yalikuwa yamekupwa asubuhi ile, kwa hiyo sikuzama, namshukuru Mungu, niliingia kwenye tope. Baiskeli ilisimama, mimi sikusimama. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimekaa, tope kiunoni, helmeti imeshuka machoni, na bata bukini limesimama ukingoni linanipigia kelele. Watu thelathini wakafika wanahema, na kwenye simu ya Wambui, ikatoka sauti ya dada Kabula, kubwa, safi, utadhani yuko pale pale:

"Nani kampa baiskeli huyo? Huyo hajui! Huyo ni mtu wa keria! Baba kambeba miaka saba, hajawahi kugusa pedali! Hepi, mwanangu, mama yako nani kamdanganya?"

Sikuwaangalia wengine. Nilimwangalia Hepi, na Hepi alikuwa ameelewa kila neno. Uso wake ukafunga, akawasaidia kunivuta, akanifunika taulo, akasema kwa Kiingereza kwamba tunaenda nyumbani.

Aliendesha gari yeye. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa takataka ili nisichafue kiti. Tulipokaribia Bowie akaanza, na kwa Kiingereza maneno yake yalitoka kwa mkupuo: kwamba ameshawaambia watu wote kazini, kwamba alikuwa anajivunia mimi, kwamba angeweza kunipeleka mpaka kule nikafia mlimani, na kwamba kwa nini, kwa nini sikusema tu?

"Kwa sababu uliniuliza kwa Kiswahili," nikamwambia.

Akaniangalia haraka, akarudisha macho barabarani.

"Uliniuliza kama napanda, na mimi napanda, ila nyuma. Mwenye kukanyaga anaendesha. Ningekusahihisha ungenyamaza tena. Nilikucheka siku ile ukiwa mdogo, Hepi, nilikucheka mbele ya watu, na sijawahi kukuomba msamaha. Naomba msamaha."

Akaingiza gari kwenye maegesho ya duka moja la dawa, akazima. Tukakaa, tope langu linakauka linapasuka kila nikipumua. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikaona tena ile midomo inapanga maneno, inayapanga, inayabadilisha, nami nikashika mkono wa mlango nikisubiri kuambiwa kwamba rafiki yake ndiye atakayeenda.

"Mama," akasema, "mimi sitaki baiskeli. Mimi nakutaka wewe."

Mungu wangu. Mtoto kanifungulia moyo wake wote, kwa Kiswahili, huku analia, na kanitongoza.

Nilitaka kunyamaza. Nawaambia ukweli, niliuma mdomo mpaka ukauma, nikajiambia acha, liache lipite, limetoka moyoni. Halafu nikajikumbuka nimekaa juu ya mfuko wa takataka nikiwa na tope mpaka masikioni kwa sababu niliacha neno lipite.

"Mwanangu," nikasema taratibu, "hilo neno ni zuri sana, lakini litunze. Hilo mwanamume anamwambia mwanamke anayemtaka. Mama haambiwi."

Akanitazama. Nikaona linamwingia. Akaweka mikono mdomoni, akasema, "Oh my God, Mom," kikamtoka kicheko, nami kikanitoka, tukacheka mpaka tukagonga honi, mama mmoja akatoka dukani na mifuko yake akazunguka gari letu kwa mbali.

"Sasa naseme nini?" akauliza, akifuta macho. (Ni "niseme". Nikamwambia.)

"Sema, nataka twende wote."

Akanigeukia, tope na yote. "Nataka twende wote."

Tukaenda. Wiki sita alinifundisha kwenye maegesho ya kanisa, yeye na Papa Dieudonné, kila nikianguka nainuka, na breki nikaijua kwa lugha tatu. Kule Italia siku mbili za kwanza sehemu kubwa niliisukuma tu baiskeli kwa mkono, natembea nayo kama mtu aliyetoka mnadani na mbuzi, na Hepi anatangulia kidogo, anazunguka, anarudi. Hakuna aliyenicheka. Mimi niliyezoea Bowie, ambako hata chumvi unaifuata kwa gari, nilitembea saa nzima sikusikia injini. Mkono mmoja mlima, nyumba zimening'inia huko juu, nguo zimeanikwa, mwingine maji ya bluu mpaka macho yanauma. Na njia tambarare kabisa, kwa sababu treni haiwezi kupanda mlima, waliokata reli walitoboa tu, wakapita ndani.

Siku ya tatu tukaingia kwenye handaki refu, lina taa na ubaridi mzuri, na kwa kuwa humo ndani hapakuwa na mtu wa kuniona isipokuwa Hepi, nikapanda. Kwa mbele. Nikakanyaga mara tatu, ya nne, ya kumi, nikaacha kuhesabu. Hepi yuko nyuma yangu, sauti yake inagonga kuta inarudi, "Endesha, Mama! Endesha!" Nikatokea upande wa pili, bahari hiyo hapo, na nikashika breki mwenyewe.

Sitaki kuwadanganya kwamba nimekuwa bingwa, kona bado nashuka natembea. Na ile video acheni izunguke. Lakini nimejiapia: neno likikosewa mbele yangu nalisema hapo hapo, hata awe nani, Wambui ameshanichoka, mchungaji naye anaanza kunichoka. Hepi yuko Seattle sasa. Ananipigia kila Jumapili, na wiki iliyopita aliongea dakika arobaini, akakosea mara kumi na moja, nikamsahihisha zote kumi na moja, akaendelea kuongea.